Shilingi Kumi Kutoka Darini



Hapa mezani, kando ya maikrofoni, nimeweka karatasi moja ya kijani iliyolegea kama jani la mgomba lililobabuliwa na jua. Inanuka moshi. Ni moshi wa kuni za muwati, ule wa jikoni kwa bibi, unaopanda polepole hadi darini na kupenya katikati ya mahindi ya mbegu kabla haujapata pa kutokea. Kwetu Usambara moshi huo ndio dawa ya fukusi. Kumbe ni dawa ya wadudu wa karatasi pia.

Karatasi yenyewe ni noti ya shilingi kumi ya Tanzania, toleo la kwanza kabisa, la mwaka 1966. Mwalimu Nyerere yupo, bado kijana, nywele nyeusi, uso wa mtu ambaye hajachoka. Noti imekunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana pana tundu dogo la kupitisha punje ya mtama.

Ilipatikana Mlalo. Wajomba zangu walikuwa wanabomoa jiko la zamani la marehemu bibi, na fundi akateremsha kutoka darini kopo la maziwa lililokula kutu. Ndani mlikuwa na stakabadhi tatu za kodi, kifungo kimoja cha koti, na hii noti. Watu wakaipokezana, wakaigeuza, wakacheka. Kijana mmoja akauliza kama bado inanunua soda. Mimi nikaiomba, nikapewa kwa wepesi, kama mtu anavyopewa kalenda ya mwaka jana.

Ugomvi ulianza pale nilipouliza fedha hii ilitoka wapi.

Mama yangu mkubwa hakusita. "Hiyo ni fedha ya mbuzi," alisema. "Mama aliuza mbuzi jike mwaka nilioanza darasa la kwanza, akaweka akiba ya sare zangu. Ukiniona nilisoma, ni huyo mbuzi."

Mjomba akatikisa kichwa. "Mbuzi gani, dada? Baba aliteremka Mazinde kwenye mkonge, akamaliza kipande, akaja na noti mpya ambazo kijiji kizima kilikuja kuzitazama. Moja mama akaificha asiione hata yeye mwenyewe."

"Baba hakuwahi kukata mkonge!"

"Sikusema alikata. Alianika."

Basi wakaendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Na mwenye kopo, aliyekuwa na jibu, yuko chini ya migomba tangu miaka kumi iliyopita. Nilikaa naye jioni nyingi mno nikimsimulia habari za mjini, wala sikuwahi kumuuliza darini kuna nini.

Sasa, msikilizaji, tuigeuze noti. Nyuma ya shilingi kumi hizi pana picha ya mkonge: singa zimeanikwa juani. Ukiwa mtu wa Lushoto picha hiyo haihitaji maelezo. Panda mpaka Irente, simama ukingoni pale ambapo wageni hupiga picha huku miguu ikiwatetemeka, tazama chini. Mazinde iko chini ya kidole gumba cha mguu wako, na mbele yake tambarare inayokwenda mpaka macho yanachoka. Huko ndiko mkonge ulikopandwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu. Kutoka Korogwe kupitia Mombo na kuendelea, reli ya Tanga ilipita katikati ya mashamba hayo, na juu yake milima yetu ikakaa kama watu waliopanda kwenye jukwaa kutazama mchezo wa wengine.

Mmea huo wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, Marekani. Mingi ikafia njiani. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, miaka sabini baadaye Tanganyika ikawa inaongoza dunia nzima: mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa. Kwa hiyo waliochagua picha za noti za kwanza hawakuhangaika sana. Waliweka mkonge kwa sababu mkonge ndio uliokuwa unalipa mishahara.

Mwaka mmoja baada ya noti hii kutoka, likaja Azimio la Arusha, na sehemu kubwa ya mashamba hayo ikataifishwa. Wakati huohuo duniani kamba za nailoni zilikuwa zinashusha bei. Picha iliyowekwa kwenye noti kama ahadi ikaanza kuwa kumbukumbu hata kabla noti haijachakaa. Noti nyingi za mataifa mapya ziko hivyo. Zinachora kile taifa linachokiona siku hiyo dirishani, halafu dirisha linabaki na mandhari inabadilika.

Wanaofikiri kwamba bendera ilipopanda, fedha nayo ilipanda siku hiyohiyo, wanakosea. Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kesho yake, mtu wa Soni aliyekwenda dukani kununua sukari alilipa kwa noti yenye sura ya Malkia Elizabeth. Ilikuwa noti ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoundwa mwaka 1919 makao yake yakiwa London, kikahamia Nairobi mwaka 1960. Noti hizo ziliandikwa Kiingereza, na thamani yake ikarudiwa kwa herufi za Kiarabu na za Kigujarati. Mpanga bei sokoni alikuwa Mswahili, lakini lugha yake haikupewa nafasi.

Mwaka 1964 Malkia aliondolewa. Hakukuwa na sherehe. Bodi ilitoa noti mpya zenye jahazi na ziwa, hakuna sura ya mtu yeyote. Wakusanyaji wanazipenda sana noti hizi, na mimi naona ni kwa haki. Ni noti za mpito, za nyumba ambayo mwenye nyumba wa zamani amekwisha kuhama na mpya hajatundika picha yake ukutani. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa tayari huru, lakini fedha ilikuwa ingali moja, na kulikuwa na watu wenye akili zao waliotumaini kwamba itabaki moja, kisha serikali nazo zifuate, liwe shirikisho.

Haikuwa. Kila serikali ilitaka mkono wake uwe kwenye usukani wa uchumi wake, na bodi ile ya kikoloni haikuundwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ilikuwa kubadilisha shilingi kwa pauni, basi. Mapema, mwaka 1963, mtaalamu wa Kijerumani Erwin Blumenthal alikuwa ameandika ripoti juu ya mfumo huo wa fedha na mustakabali wake. Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na sarafu yake. Desemba mwaka huo Bunge la Tanzania likapitisha sheria ya Benki Kuu, na tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu akaifungua rasmi. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei.

Hesabu mwenyewe: kutoka Uhuru hadi noti yenye jina letu ni miaka minne na nusu. Mtoto aliyezaliwa usiku wa bendera alikuwa tayari anachunga mbuzi.

Toleo lile la kwanza lilikuwa na noti nne. Ya shilingi tano ilikuwa ya kahawia, nyuma yake mlima. Ya kumi, kijani, nyuma mkonge. Ya ishirini ilikuwa ya bluu, na majengo ya kazi nyuma. Watu waliiita pauni, kwa sababu pauni ya Mwingereza ilikuwa shilingi ishirini, na wako wazee ambao mpaka leo ukiwaambia "pauni" hawamfikirii Mwingereza hata kidogo, wanafikiria noti ya bluu. Halafu ya shilingi mia, nyekundu. Zote ukiziinua kwenye mwanga wa dirisha unamwona twiga amefichwa ndani ya karatasi, kichwa kikichungulia. Hii yangu twiga wake amefifia kwa moshi, lakini yupo.

Sarafu zake nazo zilikuwa nzuri. Samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye hamsini, mwenge kwenye shilingi. Wewe uliyekua miaka ya sabini nadhani umetabasamu sasa hivi uliposikia sungura.

Jirani zetu walifuata mwaka uleule, Uganda mwezi Agosti, Kenya mwezi Septemba. Kenya waliweka sura ya Mzee Kenyatta, sisi Mwalimu, Waganda toleo lao la kwanza hawakuweka sura ya kiongozi. Mtu anayekusanya noti za nchi zote tatu za mwaka huo mmoja, akazipanga mezani pamoja na lile jahazi la 1964, ana historia ya shirikisho lililoshindikana bila kusoma kitabu hata kimoja.

Nirudi nyuma kidogo, maana milimani kwetu hadithi ya fedha ya karatasi haianzi 1966.

Msikilizaji, unaposema "sina hela", unasema Kijerumani. Mwaka 1904 Wajerumani waliigawa rupia yao katika heller mia moja, na neno hilo likaingia vinywani mwetu likakataa kutoka hata baada ya wenyewe kutoka. Wajerumani wakiitawala Usambara, mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Hali ya hewa iliwafaa. Lakini walihitaji vibarua, na Msambaa aliyekuwa na migomba yake, mahindi yake na mto karibu hakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine.

Dawa yao ilikuwa fedha. Ilianza kodi ya nyumba, mwishoni mwa miaka ya 1890, na kodi haikulipwa kwa ndizi. Kisha mwaka 1907, hapahapa Wilhelmstal, ukaanzishwa mpango wa kadi: kila mwanamume apewe kadi, na ndani ya miezi minne awe amefanya kazi siku 30 kwa Mzungu kwa ujira uliopangwa, na asiyefanya atafutiwe kazi ya serikali. Kadi na fedha vilikwenda pamoja. Ndiyo maana wazee wengine wakitaja kipande, yaani kadi ya kazi, na kodi hawabadilishi pumzi katikati. Nilipoona stakabadhi tatu za kodi katika kopo la bibi, zimehifadhiwa kwa uangalifu kuliko noti yenyewe, nilielewa. Noti ungeweza kuipoteza ukalia. Stakabadhi ukiipoteza ungelipa mara ya pili.

Noti za Mjerumani zenyewe zilianza mwaka 1905, chini ya Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rupia tano ilikuwa na simba, rupia kumi ilikuwa na bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zilikuwa na Kaisari. Zilichapwa Leipzig kwa ustadi mkubwa. Vita ilipokuja na Mwingereza akafunga bahari, karatasi za Leipzig hazikufika tena. Kuanzia 1915 wakaanza kuchapa noti za muda hapahapa nchini, na kadiri vita ilivyowasukuma kusini noti nazo zikazidi kuwa duni, mpaka zile za mwaka 1917 zikapigwa kwa herufi za mpira, kama muhuri wa mtendaji wa kijiji. Unaitazama noti ya namna hiyo na unaona kabisa serikali inayokimbia. Mwaka 1916 Tabora walifikia hata kupiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, kwa kuwa dhahabu ilikuwapo na karatasi nzuri haikuwapo. Uchumi umepinduka kichwa chini miguu juu!

Na hapa nataka nitoe onyo, maana nimeulizwa mara nyingi mno.

Kila mwaka utamsikia kijana amepanda milimani na koleo kutafuta mali ya Mjerumani. Ataambiwa chini ya mti fulani, kando ya jengo fulani la kale, Mjerumani alizika sanduku. Ataonyeshwa rupia moja, ataambiwa inauzwa mamilioni, ina kitu ndani yake, iko mteja Nairobi au Uarabuni, kinachotakiwa ni gharama ndogo tu ya kuanzia. Gharama hiyo ndogo ndiyo mali yenyewe ya Mjerumani. Inazikwa mfukoni mwa tapeli. Rupia ya fedha ya Mjerumani ni kitu kizuri, nunua ukipenda, itazame, lakini zilipigwa kwa wingi na hazina muujiza wowote. Kadhalika hii shilingi kumi ya 1966. Iliyochakaa kama yangu hata huko nje inauzwa kwa dola chache. Ukiambiwa vinginevyo, shika mkoba wako.

Wanaolipa fedha nyingi wanalipia usafi. Wakusanyaji wa dunia wana kitabu chao kikubwa cha orodha, kilichoanzishwa na Mjerumani Albert Pick, na kila noti ina nambari humo. Hii yetu ni nambari mbili ya Tanzania. Wana chama chao cha kimataifa pia, kilichoanzishwa mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wetu. Kwao noti bora ni ile ambayo haijatumika: kona kali, hakuna mkunjo, hakuna kidole. Yaani noti iliyotoka kiwandani Uingereza ikaingia kwenye bahasha, haikuwahi kununua chumvi.

Siwacheki. Kuna ujuzi mwingi ndani yake, na nimefaidika nao. Kwa mfano, noti za toleo lile la kwanza hazina tarehe. Utajuaje ni ya mwaka gani? Kwa saini. Chini pana saini mbili, ya Waziri wa Fedha na ya Gavana. Mtei alikuwa Gavana hadi 1974, akafuatiwa na Charles Nyirabu. Upande wa waziri, Amir Jamal alishika wizara kuanzia 1965 hadi 1972, akaja Cleopa Msuya, kisha Jamal akarudi. Mwaka 1977 Mtei mwenyewe akawa Waziri wa Fedha, akahamia upande wa pili wa karatasi. Basi ukizisoma saini hizo mbili unaweza kuifungia noti katika miaka michache. Nilichukua lenzi, nikakaa dirishani asubuhi moja yenye ukungu, ule wa Lushoto unaoingia mpaka kwenye kikombe. Nikaona Jamal, nikaona Mtei. Maana yake noti ni ya kati ya 1966 na 1972.

Nikampigia simu mjomba kwa furaha. Akasema, "Si nilikuambia? Baba alikwenda Mazinde mwaka 1968." Nikampigia mama mkubwa. Akasema, "Si nilikuambia? Darasa la kwanza niliingia 1971." Nikakata simu.

Kuna jambo moja zaidi la wakusanyaji ambalo linanifikirisha, nalo ni ile noti nyekundu ya shilingi mia. Toleo lake la kwanza kabisa nyuma lilikuwa na mchungaji wa Kimasai pamoja na wanyama. Likatolewa jingine ambalo mchungaji hayupo, wamebaki wanyama. Ile yenye Mmasai sasa ni adimu, na ikiwa safi bei yake ni mara nyingi ya wenzake. Miaka ileile, kati ya 1967 na 1968, serikali ilikuwa na kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega wavae suruali. Mambo haya mawili nayaweka tu jirani, msikilizaji, kama mtu anavyoweka sahani mbili mezani. Na kutoka Irente, ng'ambo ya mkonge, ni mbuga ya Wamasai. Noti mbili za mwaka 1966 zilikuwa zimechora kinachoonekana kutoka jiwe moja la Lushoto. Moja ikabakizwa, nyingine ikarekebishwa.

Tangu hapo tumeona sura nyingi. Noti za mwishoni mwa miaka ya sabini. Kisha Mwalimu mwenye mvi mwaka 1985. Mzee Mwinyi kwenye shilingi mia mbili mwaka 1986, halafu mia tano, halafu elfu moja. Mwaka 2003 wakaja nyati, simba, kifaru na tembo, na noti ya elfu kumi ikajipatia jina la mwekundu wa Msimbazi, jina ambalo mashabiki wa Yanga wanalitamka kwa shida lakini wanalipokea kwa mikono miwili. Katika elfu moja Baba wa Taifa amerudi. Na noti zetu sasa zinasema kwa Kiswahili kwamba ni halali kwa malipo.

Neno hilo, halali kwa malipo, lina mwisho wake. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za zamani, za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya karatasi ya shilingi mia tano ya mwaka 2010. Muda wa kubadilisha ulianza tarehe 6 Januari 2025, ukaisha tarehe 5 Aprili. Tangazo lilisomwa redioni, nililisoma hata mimi. Lakini darini hakuna redio. Mwezi Mei jirani mmoja kule Magamba, mama mtu mzima, alifungua mto wa kulalia akakuta bunda la mia tano za nyati, akiba ya marehemu mumewe. Alikuja kuniuliza afanye nini. Nilihesabu naye. Haikuwa fedha ya kutajirisha mtu.  Nilikosa la kumwambia, nikamuuliza tu mumewe aliziweka lini, na kwa nini mtoni. Akakaa, akasimulia mpaka jua likazama: mwaka wa viazi vilivyooza shambani kwa sababu barabara ya Mombo ilikatika kwa mvua, mwaka walionunua cherehani, hofu ya mumewe kwa benki na sababu ya hofu hiyo. Nikaandika yote kwenye karatasi. Noti ishirini na kitu za mia tano, ambazo mkusanyaji wa Ulaya asingezitazama mara mbili, sasa zina kurasa nne za maelezo. Yangu ya shilingi kumi haina hata sentensi moja iliyo na uhakika.

Kwa hiyo huo ndio msimamo wangu, na wenye kitabu cha Pick wanisamehe. Noti safi ni kazi ya kiwanda. Iliyochakaa imepita mikononi mwa watu, na kama unajua mikono ya nani, hiyo ndiyo adimu kuliko zote, kwa sababu nakala ya pili haipo popote. Makumbusho ya nje yanazo noti zetu za mwanzo, zimenyooka, zimewekwa kwenye droo. Hazina habari ya mbuzi wala ya Mazinde. Habari hiyo iko Mlalo, iko Mtae, iko Bumbuli na Vuga, kwa watu wenye miaka themanini, nao hawatangojea tupate nafasi.

Ombi langu ni dogo. Wikiendi hii ukipanda kwenu, ukishateremka pale sokoni na vikapu vyako, ukishaamkia shikamoo na kuitikiwa marahaba, uliza. Usianze na "Bibi, una fedha za zamani?", maana atadhani umetumwa. Anza na bei. Uliza sukari ilikuwa shilingi ngapi, uliza mahari yake ilikuwa nini, uliza mara ya kwanza kushika noti ya Nyerere alikuwa wapi. Atakwenda mwenyewe kwenye sanduku.

Ikipatikana noti, usiipige pasi. Mimi niliipiga moja ya shilingi ishirini, nikidhani naifanyia hisani. Rangi ya bluu ikang'aa kama suruali ya sare na karatasi ikawa ngumu kama chapati ya juzi. Usiioshe. Usiibandike selotepu. Na usiipeleke steshenari kuileminisha kama cheti cha kuzaliwa, maana ikishaingia kwenye plastiki haitoki. Bahasha ya karatasi inatosha, ikae mahali pakavu, mbali na ukungu wetu. Maelezo yaandike kwa penseli juu ya bahasha kabla hujaitia noti: nani, wapi, lini, alipewa kwa kazi gani.

Bahasha yangu ina mistari mitatu. Wa kwanza nimeandika: "Mbuzi jike, Mlalo, 1971, kwa maelezo ya mama mkubwa." Wa pili: "Mkonge, Mazinde, 1968, kwa maelezo ya mjomba." Wa tatu uko wazi. Mama mdogo anaishi Korogwe, ndiye aliyekuwa akilala na bibi jikoni, na Jumamosi nateremka kumwona.